Mkalimani Mwenye Kigugumizi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe, shemeji na wapwa zangu, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima, na nina habari.

Unajua jinsi sisi wenye kigugumizi tunavyoishi kwa ujanja: neno likigoma, tunalikwepa na kushika jingine. Utu uzima wangu wote nimekunywa chai, wala siipendi, kwa kuwa neno "kahawa" lilinikaba kooni. Lakini mkalimani wa mahakama hana ruhusa hiyo. Shahidi akisema kisu, mkalimani hawezi kusema kitu chenye makali. Ndiyo maana nilipotangaza kwamba ninakusudia kuacha kutafsiri nyaraka ili niombe kazi hiyo, wenzangu ofisini waliniuliza kama nina homa.

Mtaalamu wa matamshi aliniagiza jambo moja tu: nisikwepe tena neno lolote. Basi kila asubuhi nikawa naingia mgahawani kuagiza kahawa. Siku za mwanzo mhudumu alinisikiliza, akaenda kufuta meza, akarudi, nami bado ningali kwenye herufi ya kwanza.

"Bosi," aliniambia siku moja, "ukimaliza kuagiza tutakuwa tumeshafunga."

Tulicheka sote wawili, na kesho yake nikarudi. Subira niliyoihitaji ilikuwa ya namna hiyo: kurudi tena, nikijua fika kwamba nitachekesha. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza. Neno hilo likalainika, kisha mengine.

Wiki iliyopita nilifanyiwa usaili. Hakimu alinisomea ushahidi, nami nikautafsiri kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye kisu. Nikakwama. Karani, kwa huruma, akaninong'oneza neno. Hakimu akamnyamazisha kwa kuinua mkono. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikalitamka lote, nikaendelea. Jana nilijulishwa kwamba kazi ni yangu.

Sasa nikueleze nililokuficha. Sikuhama nyumbani kwako kwa sababu ofisi ilikuwa mbali. Nilihama kwa sababu dukani, kwenye simu na mbele ya wageni, wewe ndiye uliyenimalizia kila sentensi, nami nikaona kwamba nikibaki nitazeeka nikizungumza kwa kinywa chako. Sikulaumu hata kidogo. Ulitaka kunikinga na vicheko, na ulifanikiwa mno.

Jumatatu ijayo naanza kazi. Mahakama iko wazi kwa yeyote, nami nakuomba uje, ukae mahali nitakapokuona. Nikikwama, na nitakwama, usinisaidie. Nisubiri. Nitafika.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa, kama ulivyoniita hata kabla sijaanza shule