Kivumbasi cha Mtawa

Mjukuu wangu Biira,

Huku Bwera hatujambo. Mjomba wako amevuna kahawa Kyondo, na goti langu linalalamika kwenye mlima tu. Umeniuliza kwa nini mimi, Mkatoliki mzima, huvua ndala ninapomwagilia kile kivumbasi mlangoni.

Nikiwa msichana nilipalilia bustani ya monasteri ya Wahindu, Kasese. Katikati palikuwa na kijukwaa cheupe kilichooteshwa kivumbasi. Siku moja mbu walimsumbua mtawa mzee, nikataka kukata matawi niyachome, kama tunavyofanya nyumbani. Akanishika mkono.

"Hapana kata, mutoto! Hii iko mama."

Nikadhani mamake kazikwa pale. Nikavua ndala, nikasema taratibu, "Jambo, mama." Machozi yakamlenga mzee.

Wahindi walipofukuzwa nchini, mtawa yule alinikabidhi mche wa kivumbasi kile kwenye kopo; cha mlangoni ni uzao wake. Baadaye sana nikaambiwa hapakuwa na kaburi; Wahindu huuheshimu mmea wenyewe kama mama. Lakini nilikuwa nimeshazoea kumwamkia, na mama wa mtu huwezi kumwacha na kiu.

Ukija likizo, mvulie viatu. Jina lako analijua. Namtajia kila asubuhi.

Ni mimi, bibi yako wa Bwera