Suruali Chini ya Godoro

Jumatatu, 10 Aprili 1972

Nimelala chali tena, kama maiti. Suruali ya kijivu chini ya godoro, imenyunyizwa maji kidogo, mistari imelingana, uzito wangu uwe pasi. Asubuhi imetoka safi kabisa. Kisha maili nane za baiskeli kutoka Rabuor hadi ofisi ya kampuni ya pamba, Kisumu. Nilipofika mistari imekwisha. Mikunjo mapajani, jasho mgongoni, udongo mweusi kwenye pindo. Karani Mkuu alinitazama magoti, si uso.

Nafasi ya kuhudumia wateja kwenye kaunta itatolewa mwisho wa mwezi. Ni mimi au Ochieng'. Ochieng' anakaa nyumba za kampuni, anavuka uwanja tu na kuketi mezani. Namchukia, na hajanikosea lolote.

Jumanne, 11 Aprili

Nimejaribu kufunga nguo kwa gazeti juu ya keria ya baiskeli na kuendesha na kaptura. Nimebadilisha chooni. Mvua ililowesha gazeti, wino ukahamia kwenye shati jeupe. Siku nzima nimeketi na koti. Joto la ziwa na koti. Mjinga mimi.

Jumatano, 12 Aprili

Atieno aligeuka kitandani, suruali ikatoka na mistari mitatu kila mguu. Miaka miwili nimeoa mwanamke asiyeweza kulala ametulia. Nimemwambia alale kwenye mkeka mpaka kaunta ipatikane. Alichukua blanketi, akashuka.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimelala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Suruali ilinyooka, mpaka nilipofika Nyamasaria, karibu na mjini.

Ijumaa, 14 Aprili

Nyuma ya ofisi kuna duka la vitambaa la Mama Wambui, mjane kutoka Nyeri, umri wa mama yangu. Aliniita nikipita. "Bwana, kila siku nguo yako iko kama imetafunwa na ng'ombe. Leta zote kesho. Nitapiga pasi, nitaning'iniza hapa. Asubuhi unabadilisha huko nyuma ya pazia, unaenda kazi."

Miezi yote hii nateseka, na dawa ni msumari ukutani.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeendesha na kaptura kuukuu, nimenawa kwa ndoo dukani, nimevaa. Hakuna mkunjo. Karani Mkuu alinitazama magoti, akapandisha macho hadi usoni. Mara ya kwanza.

Atieno sijamwambia. Ningemwambia, ningelazimika kukubali kwamba mama wa watu amemaliza kwa dakika tano jambo nililomteremshia mke wangu sakafuni. Kesho.

Jumatano, 19 Aprili

Sijamwambia. Bado analala mkekani. Kumrudisha kitandani ni kueleza, na kila siku inayopita maelezo yanakuwa marefu zaidi. Amepata kikohozi. Sakafu ina unyevu wakati huu wa mvua. Najiona mbaya, kisha naenda kazini nimependeza.

Jumamosi, 22 Aprili

Amejua. Wanawake wa kisimani, waendao sokoni Kisumu, walimwambia mbele ya wengine kwamba navua nguo dukani kwa mjane. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kila asubuhi unatoa nguo kwa nyumba ya mama mwingine," alisema. "Na mimi umeniweka chini kwa sababu ya suruali. Chini ya godoro hakuna kitu. Nimeangalia. Tangu Jumatatu naangalia."

Nilimweleza yote. Msumari, pazia, ndoo, umri wa Mama Wambui. Kila neno la kweli lilitoka mdomoni likinuka uongo. Mficha uchi hazai. Methali hiyo naijua tangu shuleni, haikunisaidia.

Jumapili, 23 Aprili

Nimerudi kutoka kanisani, nyumba tupu. Amekwenda kwao Ahero. Amechukua sanduku na jembe lake. Mkeka ameukunja vizuri na kuusimamisha pembeni.

Jumanne, 25 Aprili

Uji umeungua. Mama Wambui aliuliza kwa nini nimekonda. Nikasema malaria.

Ijumaa, 28 Aprili

Ochieng' amepata kaunta.

Karani Mkuu aliniita, alikuwa mpole, na upole huo ndio ulioniuma. "Nguo yako ni safi sana siku hizi, Bwana, mimi nimeona. Lakini kaunta inafunguliwa saa moja kamili. Wewe unatoka mbali, na mvua hii?"

Kumbe hakuwa akitazama mikunjo. Alikuwa akitazama matope, akihesabu maili. Kuanzia Jumanne nahamia ghala la pamba. Huko watu wote wanavaa ovaroli.

Ochieng' alinipa mkono. Nikaupokea. Hata kumchukia siwezi tena.

Jumapili, 30 Aprili

Nimekwenda Ahero. Jana nilichukua nguo zangu zote kutoka kwa Mama Wambui. Kwa wakwe huendi na kaptura yenye matope, hilo hata mlevi analijua. Nikafunga suruali ya kijivu kwa karatasi ya nailoni kwenye keria. Karibu na boma lao nikasimama nyuma ya ua wa miti ili nibadilishe.

Mguu mmoja ndani, mmoja nje, wakatokea wanawake wakirudi kutoka kanisani. Atieno alikuwa katikati yao. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeoneshwa kitu alichokwisha kuambiwa, kisha akashika njia ya nyumbani.

Baba mkwe alinipa kiti na chai. Alinisikiliza hadi mwisho. "Rudi na wazee wa kwenu," alisema. Baba yangu amekufa. Amebaki mjomba mmoja Port Victoria, na hatusemezani tangu mazishi. Baba mkwe anajua.

Atieno hakutoka nje. Nilimsikia akikohoa ndani.

Jumanne, 2 Mei

Mvua. Nimeamka pembeni mwa kitanda, upande wangu, ule mwingine umebaki na shuka lake lililotandikwa. Jana niliweka suruali ya kijivu chini ya godoro. Mazoea tu, hakuna aliyeitaka.

Nimeinua godoro. Hakuna mkunjo hata mmoja. Mistari imenyooka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, miguu yote miwili.

Nimeirudisha palepale. Nimevaa ovaroli, nimetoa baiskeli.