Saa Sita Zilizofutwa

Jumatatu, 6 Oktoba
Mabadiliko kumi na moja kabla ya chai. Mashine inaandika, mimi nabonyeza "kubali". Nilikuwa mwandishi wa programu. Sasa ni mgonga muhuri.

Mkutano wa simu na Mombasa. Abuu, kijana wa timu yetu, anacheka na kila mtu, shati limepigwa pasi. Sisi wa zamani tulikuwa wanunaji, hatuogi, tunagombana kutwa kwa mstari mmoja. Hakuna aliyetupenda. Tulisoma kila mstari, lakini.

Jumanne, 7 Oktoba
Mashine imeandika upya programu yangu ya boti ya wagonjwa, ile inayowatumia ujumbe wa saa ya kuondoka. Niliiandika baada ya kukaa wiki mbili na manahodha. Boti huondoka maji yakijaa, na wao huandika yanajaa saa ngapi kwa saa zetu za Kiswahili. Programu inaongeza sita kupata saa za kompyuta.

Mistari mia nne. Nimekubali bila kusoma. Sikuhisi kitu.

Jumatano, 8 Oktoba
Shangazi Zuhura, aliyenilea, alikuwa aje hospitali kwa boti kutoka kisiwani, Chundwa. Ujumbe ulimwambia boti ni saa nne asubuhi. Maji yalijaa saa kumi jioni. Alingoja gatini juani mchana kutwa. Akazirai, akaanguka. Nyonga imevunjika.

Nimefungua programu. Ile sita imefutwa. Kumi ya nahodha imebaki 10:00, yaani saa nne asubuhi. Aliyeidhinisha: mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kampuni yetu inasema ni hitilafu ya mfumo. Abuu kapiga simu, mpole kweli. "Kaka, usijitaje. Hizo vitu hakuna mtu husoma siku hizi."

Anasema kweli. Hilo limeniudhi, kidogo tu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya swala nimewaandikia kampuni: sikusoma, kosa ni langu. Jibu limekuja papo hapo, la adabu, aya tatu. Nadhani ni mashine iliyojibu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wodini. Nimemwambia shangazi yote. Kwamba ni mimi, kwamba nilikubali bila kutazama. Nilingoja anikaripie. Nilitaka anikaripie.

Akasema: "Hata mimi, mwanangu. Naliona mayi yamekupwa, kwa mato yangu. Nikanena, simu yayua." Simu inajua, kuliko macho yake.

Nikamlisha uji. Alikula nusu.