Video ya Mama Haifutwi

Ijumaa, Mabela, pembeni mwa Maskati. Baridi nzuri, upepo mkavu, mbingu haina hata wingu moja. Siku kama hii mtu mwenye akili zake huwa jangwani, amevua viatu, anakunywa chai ya tangawizi nje ya karavani yake. Mimi niko nyumbani, nimekaa kitako kwenye zulia, nina hasira hadi vidole vinakosea herufi.

Acha niandike kabla hazijapoa.

Leo kaka yangu kaniamuru nifute video. Sijaifuta.

Kwa aliyeingia hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Rahma, nimezaliwa Maskati na wazazi waliotoka Unguja. Nafanya kazi duka la dawa, nimeachika zamani na sina kinyongo, naishi na mama yangu. Na nina karavani. Ni kuukuu, rangi imebabuka, mlango wake haufungi mpaka uupige teke kwa chini. Nilipoipeleka mtaa wa Ghala kutengenezwa, kila gereji niliyoingia walichungulia nyuma ya bega langu kumtafuta mwanamume. "Mudir wapi?" Nikawaambia mudir, yaani bosi, ni mimi, na mudir anataka breki zitazamwe leo.

Video zangu nazipiga kwa simu. Si fundi wa mambo haya, na wanaonifuata wanajua. Nyingine kidole changu kimeziba nusu ya picha, nyingine upepo umekula sauti yote unaniona nachezesha mdomo tu. Naonyesha mambo madogo: namna ya kupunguza upepo wa matairi kabla hujaingia mchangani, namna ya kuisawazisha karavani kwa vipande vya mbao ili usilale kichwa chini, kwa nini uiache pale ardhi ilipo ngumu na usijaribu kuipandisha kilima cha mchanga kama nilivyojaribu mimi. Na choo kinamwagwa wapi. Hiyo ya choo ndiyo iliyoulizwa maswali mengi kuliko zote.

Nazungumza Kiswahili. Mwanzo nilijaribu Kiarabu, nikajisikia kama msoma habari, shingo imenikakamaa, hata mzaha wangu haukutoka. Nikaanza upya kwa lugha ninayopigia kelele nikiungua na mafuta. Ikawa nyepesi. Wakaja watu wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa, wanacheka nami, wananiuliza jangwani kuna nini hata niache kitanda changu.

Lakini wanawake wa hapa hapa Maskati, wenye asili kama yangu, hawaandiki kitu chini ya video. Wananitumia ujumbe wa pembeni. "Dada Rahma, umenikumbusha bibi yangu." Hadharani, kimya.

Nilikuwa nashangaa kwa nini. Leo nimeelewa.

Sasa nije kwenye nazi. Wiki iliyopita nilimchukua mama tukaenda jangwani, Bidiya. Nilimwambia nimeshapakia kila kitu, pamoja na tui la kopo. Mama akasema tui la kopo ni chakula cha wagonjwa, akaingia jikoni akatoka na nazi zake na mbuzi wake wa kukunia. Sijui ni watu gani wengine duniani wanaosafiri kwenda jangwani na mbuzi wa nazi. Sisi ndio hao.

Ndani ya karavani hakuna nafasi ya kukalia mbuzi na kutanua miguu. Akatoka nje, akakaa mchangani, akaanza kukuna. Mimi nikawasha simu ili nionyeshe jiko la nje lilivyofungwa. Na hapo ndipo upepo ulipokuja. Ulikuja wote kwa pamoja, na mchanga wake, ukashukia sinia la nazi kana kwamba umealikwa.

Mama alisimama. Akaushika ushungi kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akauonyesha upepo kidole. "Weye upepo, huna adabu! Huoni watu wanapika? Kwenu hujafunzwa?" Akauita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu akajisikia mwenyewe, akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini tena, akalia machozi. Wali tuliula hivyo hivyo, na nguru wake wa nazi, meno yanalia kwa mchanga.

Nilimwuliza niiweke. Akasema weka, watu wacheke. Nikaiweka.

Imezunguka. Imeingia kwenye makundi ya simu ya familia, ikatoka, ikaingia ya watu wengine, ikarudi kwangu kutoka kwa mtu nisiyemjua akiniuliza kama nimeiona.

Leo mchana tulikwenda kula kwa kaka yangu mkubwa, Suleiman, kule Bawshar. Ni mtu wa wizarani, nyumba yake kubwa, na binti yake Nuha anaposwa. Watu wa mchumba wanakuja rasmi Alkhamisi. Ni ukoo wa Dakhiliya, Waarabu wa bara, watu wazuri kwa ninavyosikia, na Nuha anampenda yule kijana. Sote tunafurahi. Au tulikuwa tunafurahi mpaka tulipoosha mikono.

Kaka akaniita majlisi, chumba cha wageni. Akafunga mlango nusu.

"Rahma, ile video itoe."

"Ipi?"

"Unaijua. Ya mama na nazi."

Nikamwuliza ina nini. Akasema mama yetu kakaa mchangani kama mtu asiye na kwao, anapiga makelele ya Kiswahili, na wale watu wakiiona watasema wanakwenda kuoa kwa watu wasiojulikana asili yao. Akasema kazini kwake hakuna anayejua kuwa sisi nyumbani tunasema Kiswahili, na kahangaika miaka yote iwe hivyo. Yote hayo aliyasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha Unguja, kwa sauti ya chini.

Ningeweza kuvumilia hapo. Kaka ni kaka, na mtu akiwa na mtoto wa kuoza huingiwa na wasiwasi wa kila namna. Lakini akaongeza.

"Na siku hiyo mwambie mama akae na wanawake, asiseme sana. Kama lazima aseme, aseme Kiarabu."

Mama yangu alikuja nchi hii akiwa bibi harusi, na Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha msahafu tu. Alikwenda sokoni Matrah akaomba kitambaa kwa maneno aliyoyajua, na wauzaji wakacheka, wakaitana waje wamsikilize. Tangu hapo, mbele ya watu wasio wa kwetu, mama ana maneno mawili, alhamdulillah na inshallah. Harusini, matangani, hospitali, mawili hayo hayo. Watu humsifu kwetu. Mama yenu mpole, mama yenu mtulivu. Mama yangu! Huyu ambaye nyumbani hugombana hata na jiko likichelewa kuwaka!

Nimekua nikimwona akizimika kila anapovuka mlango wa nyumba za watu. Pale Bidiya nilimwona nje, mchana kweupe, anasema kwa sauti yake yote. Kaka anataka nilifute hilo hilo.

Nikamwambia siitoi. Akakasirika, na kaka akikasirika huhamia Kiarabu. Akasema najitafutia sifa kwenye simu na nitamharibia Nuha maisha yake. Nikamwambia mama si doa la kutolewa kwenye kanzu. Nikatoka.

Mama alikuwa amekaa ukumbini, karibu kabisa na ule mlango uliofungwa nusu. Alikuwa anafunga ushungi. Akasema, "Haya, twende."

Kutoka Bawshar hadi Mabela mama husoma vibao vya maduka, huuliza nani kajenga lile ghorofa, hulaumu madereva. Leo kashika mkoba mapajani, macho mbele. Mimi nashika usukani, nakusanya maneno makali niliyosahau kumwambia Suleiman.

Sasa niseme na lisilopendeza. Tulipofika nyumbani mama akashuka, mimi nikabaki ndani ya gari, nikaifungua ile video, nikaweka kidole kwenye neno Futa. Nampenda Nuha. Nimemkatia kucha akiwa mchanga. Nikafikiri, video ni video tu, kesho nitapiga nyingine, nani nimekuwa mimi hata nisimame kati ya mtoto na ndoa yake?

Kidole kikakaa pale.

Halafu nikajiuliza mama yuko wapi, maana mlango wa nyumba haujafunguliwa. Alikuwa amekwenda kwenye karavani. Nimeiegesha kando ya ukuta, na huwa anapenda kukaa humo. Nikampata kwenye kile kimeza, mkoba bado mapajani, kama abiria anayesubiri dereva.

Nikaanza kumweleza. Kwamba nitaifuta asiponikataza, kwamba sitaifuta asipotaka, kwamba Suleiman hakukusudia. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwani mie nimekufa hata mnanirithi?"

Nikakaa mbele yake.

"Yeye anataka ninyamaze, weye unataka nipige kelele. Leo mie mwenyewe kaniuliza nani? Kiarabu changu kinamtia haya, Kiswahili changu kinamtia haya. Basi nilie kama paka?"

Alikuwa na hasira kuliko mimi, na alikuwa amezibeba kutoka Bawshar bila kumwaga hata tone.

"Mpigie Nuha," akasema.

Nikampigia. Mama akachukua simu, akamweleza mjukuu wake yote, hakumficha neno, wala hakumsema vibaya baba yake. Akamwambia, hii ndoa yako, si yangu wala si ya shangazi yako, nataka kusema na hao wageni wako kwa mdomo wangu, ukikataa sisemi. Nuha alilia kwanza. Nilimsikia. Kisha akasema, "Bibi, sema. Kama watanikataa kwa ajili yako, bora wanikatae kabla sijahamia kwao."

Mama akanirudishia simu. Akajitengeneza ushungi, akauvuta mbele, akaukaza vizuri.

"Washa."

Nikawasha. Picha imekaa upande, sikuirekebisha.

"Asalaam alaykum. Mie Zuwena, bibi yake Nuha. Ndo mie yule wa nazi. Nnasikia wageni mnakuja Alkhamisi, karibuni sana. Mtanikuta nnasema hivi hivi. Nuha nimemlea mie kwa lugha hii, na tabia yake mmeiona wenyewe ndo mkapenda kuja. Atakayetaka kucheka na acheke, lakini aje acheke mbele yangu, nimpe na chakula."

Nilidhani kamaliza. Akavuta pumzi, akayarudia yote kwa Kiarabu. Kiarabu chake. Alikwama, akarudi, akachanganya maneno ya kiume na ya kike, akatafuta neno akalikosa akaweka la Kiswahili mahali pake, akaendelea. Sijawahi kumsikia akisema Kiarabu kirefu namna ile maisha yangu yote. Nyuma ya simu nilikuwa nalia kama mtoto na sikujipangusa, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika.

Nikaiweka hapo hapo, bila kukata, bila muziki. Nikaiweka juu kabisa, ile ya nazi chini yake. Nikashusha mabega.

Jua lilikuwa halijazama Suleiman alipopiga. Nikaliona jina lake, nikajiandaa kwa vita, nina maneno ya kutosha. Mama akanyoosha mkono. "Nipe mie."

Akaiweka simu mezani ili nisikie. Kaka alianza kwa Kiarabu, haraka haraka, kile cha ofisini. Fedheha, heshima, watu watasemaje, nani kamruhusu Rahma. Mama alimwacha aseme. Hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa anafuta makombo mezani kwa kiganja, anayakusanya upande mmoja. Kaka akamaliza.

"Umemaliza?" mama akamwuliza. "Sasa yaseme tena yote, kwa lugha nliyokubembelezea."

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia mlango kwake ukifungwa, nadhani alikwenda chumbani ili asisikiwe, au labda alikaa tu mahali. Mama hakumsaidia. Hakusema mwanangu, hakusema usijali. Alikaa anaitazama simu.

Kisha nikamsikia kaka yangu, mtu mzima wa wizarani, baba wa bibi harusi, kwa sauti niliyoisahau.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," mama akasema. "Haya, nnakusikiliza."

Nikatoka nje nikawaacha. Walizungumza mpaka magharibi ikaadhiniwa, na sikutega sikio. Mama kanieleza baadaye: kaka bado ana wasiwasi, na bado anataka video zitolewe. Mama amemwambia hazitolewi. Sijui Alkhamisi tutakuwa na posa au tutakuwa na Nuha anayelia na chakula kingi cha kugawia majirani. Nikisema siogopi nitakuwa mwongo.

Video ziko palepale, zote mbili. Alkhamisi na ije.