Damu Iliyohesabiwa Alfajiri

Dada yangu mpenzi,

Salamu hizi zikukute mzima huko ugenini, wewe na watoto. Za mguu wako nitauliza nikitulia, maana nina hasira. Mama anaendelea vizuri. Jana aliwagombeza wauguzi kwa kumletea chai ya baridi, kwa hiyo ujue amepona.

Nasikia umewapigia ndugu wote ukitaka mhudumu wa benki ya damu afukuzwe, kwa kuwa alimhakikishia daktari kwamba damu ya kundi la Mama ipo, na Mama alipokwisha kupasuliwa jokofu likakutwa tupu. Dada, mhudumu yule hakudanganya. Alisoma kilichokuwa kwenye skrini.

Skrini hiyo ni kazi yangu. Mwanzo niliiwekea mwonekano wa papo hapo: kila ukiifungua inakwenda kwenye kumbukumbu zenyewe, inahesabu mifuko iliyopo, ndipo inakujibu. Ilikuwa nzito kidogo. Basi, mkubwa mmoja wa hospitali, nitamtaja baadaye usije ukaichana barua, akaja juu kwamba hawezi kukodolea skrini macho kama anayesubiri basi. Akaamuru mwonekano uliohifadhiwa: hesabu ifanywe alfajiri, jibu liwekwe, na kutwa nzima kila anayeuliza apewe jibu lilelile. Nikamwambia hiyo inafaa kwa ripoti za mwezi, si kwa damu inayotoka kila saa. Akanicheka, eti najifanya daktari.

Siku ya upasuaji wa Mama, mifuko ile ilitumika asubuhi wodi ya wazazi. Skrini ikaendelea kusema ipo. Na sasa mhudumu ameangushiwa jumba bovu, amesimamishwa kazi, na mkubwa wangu ananitaka nifyate ulimi kwa kuwa ni mambo ya familia.

Ndiyo, dada. Ni mumeo. Huyohuyo anayekupigia simu kukueleza uzembe wa mhudumu.

Mama amenisihi nisikuambie, ndoa yako isije ikaingia doa. Nimeshindwa. Skrini nimeirudisha ilivyokuwa bila kumwomba mtu ruhusa, na kesho nasimama mbele ya kamati. Shemeji akitaka kunifukuza, na anifukuze. Jokofu lilipokutwa tupu, yeye alijifungia ofisini. Mhudumu alikunja mkono wa gauni lake akajilaza kitandani, na damu ya kwanza iliyoingia mwilini mwa Mama ilikuwa yake.

Wabusu wanangu. Salamu za mumeo mpelekee mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako.