Wosia wa Mbuthia kwenye Kanda

Jumamosi, 1 Julai 1995

Mbuthia amekubali! Filamu yetu tutaipigia kwenye ua wa ploti yake, hili jengo tunalopanga. Sharti ni moja – yeye ndiye awe mtawala wa Warumi. Nikamwambia huyo mtawala anachomwa visu na wakubwa wenzake, tena katikati ya hadithi. Akasema hilo si neno, bora aonekane kwanza. Na jina la Kirumi hataki. "Mwalimu, watu wa mtaa huu wa Huruma watanijuaje na jina la ajabu? Niite Mbuthia tu."

Basi. Mwenye ploti ni mwenye ploti, na sisi ni wapangaji wake. Miaka yote nimefundisha tamthilia hii ya Warumi huku wanafunzi wakisinzia. Sasa itakuwa sinema, kwa Kiswahili, na shuka za kitanda badala ya mavazi ya Kirumi!

Jumanne, 4 Julai

Wosia wa mtawala umenitesa. Jukwaani mtu mwingine anausoma mbele ya maiti. Kwenye filamu nataka mtawala mwenyewe aonekane akiutamka, angali hai. Niliandika kwamba anawaachia raia bustani zake. Mbuthia akacheka. Bustani gani, na hapa sukuma wiki inapandwa kwa debe? Akabadilisha mwenyewe – ploti. Nikaona imekaa vizuri, nikaiacha.

Jumapili, 9 Julai

Tumeshuti! Baada ya kanisa wapangaji wote walijaa uani, wamejifunga shuka. Gedi, anayepiga picha za harusi, alikuja na kamera yake moja. Mbuthia akasimama kwenye ngazi, sauti nzito:

"Mimi Mbuthia, siku nikifa, ploti hii nawaachia wapangaji wangu!"

Sikuhitaji kumwelekeza mtu. Walilipuka! Vigelegele, makofi. Baba Koki wa ghorofa ya pili alirusha kofia ikaangukia kwenye mabati ya jirani. Mama yangu alilia machozi ya kweli. Sijapata kufurahi hivi.

Jumatano, 12 Julai

Mbuthia amefariki. Moyo, wanasema. Jana asubuhi, akinywa chai. Siamini.

Nilikwenda kwa Gedi, mtaa wa Kariobangi, tukaitazama kanda ya video. Wosia umetoka safi. Watu wanashangilia. Halafu – kamera haikuzimwa. Mbuthia anamgeukia Gedi, uso umejaa kwenye lenzi, anacheka hadi mabega yanatikisika. "Niwape hawa ploti? Labda nirukwe na akili!"

Kwa zile kelele, hakuna aliyemsikia pale uani. Gedi amenikabidhi kanda, ndiyo hiyo moja tu. Yeye anasafiri Garissa. Amesema hataki kesi na mtu.

Alhamisi, 13 Julai

Kiarie, mtoto wa marehemu, amekuja na habari. Ploti imepata mnunuzi. Nyumba zitabomolewa, mwezi ukiisha tuwe tumehama. Baba yake hata hajazikwa!

Baba Koki akamjibu mbele ya watu wote: "Mzee aliacha neno. Na liko kwa kanda."

"Hiyo ilikuwa acting, buda. Muulize mwalimu."

Wakanigeukia wote. Wanawake na ndoo zao, watoto, mama yangu. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia ndani. Mwoga! Ningesema pale pale, yangekwisha.

Ijumaa, 14 Julai, jioni

Nimefungiwa.

Mazishi ni kesho. Wazee wa ukoo na chifu wamekubali kuitazama kanda kabla jeneza halijaondoka. Baba Koki ameazima TV na deki ya video, akazileta hapa kwangu, halafu akatia kufuli kwa nje. Ati Kiarie asije akaniibia kanda. "Ni kwa usalama wako, mwalimu." Usalama! Nimegonga mlango mpaka mkono umevimba.

Nikamwita mama dirishani aniletee ufunguo. Kumbe ufunguo anao yeye! Mama yangu mzazi, ameketi kwenye stuli mlangoni, anachambua maharagwe.

Nilimweleza yote kupitia vyuma vya dirisha. Kicheko. Maneno yale. Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe.

"Ndunge, wewe nilikuzalia nyumba hii. Nikitoka hapa naenda wapi?"

"Lakini ni uongo, mama."

"Uongo gani? Mzee alisema ama hakusema?"

"Alisema. Lakini –"

"Haya."

Akarudi kwa maharagwe yake.

Nina hasira naye. Nina hasira na yule mzee pia, kwa kicheko chake. Alitucheka tukiwa tumesimama mbele yake! Nikiwaonyesha kanda nzima, familia zote hizi zinatupwa nje, na mkono ni wangu. Nisipowaonyesha... Darasani huwa nauliza kama yule rafiki mwema wa mtawala alifanya haki kuingia katika njama ya kumuua. Anayejibu hapana nampa alama zote.

Gedi akimaliza kurekodi huvunja kile kiplastiki cha ubavuni mwa kanda, ili mtu asirekodi juu ya harusi ya watu. Alikivunja na kwenye hii. Nimeziba tundu kwa selotepu. Deki imekubali kurekodi.

Nimerudisha kanda hadi pale Mbuthia anapomgeukia Gedi. Bado hajafungua mdomo. Nimeisimamisha hapo; picha inatetemeka.

Mama anagonga. Anauliza kama nimemaliza.