Mwanangu Nyumbani, Mgeni Kwenye Skrini

Mpendwa Bibi Touba, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mwigizaji, nilifungiwa kuigiza miaka mingi kwa kuwa niliimba kwenye filamu za enzi ya Shah, mfalme aliyepinduliwa, sasa nimepata nafasi moja tu ya kurudi, nacheza mama anayempokea mwanawe kutoka vitani, na kwa sababu mwanamke haruhusiwi kumgusa mwigizaji mwanamume asiye ndugu yake, mwongozaji akamchukua mwanangu wa kumzaa, Behrang, tukakumbatiana mpaka wapiga picha wakalia, lakini wakaguzi wa filamu wa serikali wakasema tukio hilo liondolewe. Nikawaambia, "Jamani, huyu nimemzaa mimi!" Mkubwa wao akajibu, "Dada, sisi tunajua. Mtazamaji atajuaje?" Nikasema hata kwenye hadithi ni mwanangu, akasema, "Hadithi ni uongo, dada." Sasa wanataka akumbatiwe na baba wa kwenye hadithi, mwigizaji aliyefahamiana naye Jumamosi, na mimi nilete chai. Nikikataa, filamu inafungiwa kabatini na mimi pamoja nayo. Kilichonitisha zaidi, juzi jikoni Behrang alinyoosha mikono anikumbatie, nikaruka nyuma huku nikitafuta kitambaa cha kichwani. Akacheka, "Mama, nani kasema kata? Hapa hakuna mwongozaji wala kamera." Mimi sikucheka. Nifanye nini?

Fakhri, Tehran

Fakhri binti yangu, pole. Ngoja nikueleze mkaguzi anavyofikiri. Halindi mama wala mwana. Anamlinda mtu wa kiti cha nyuma kwenye ukumbi wa sinema, ambaye hajawahi kumwona lakini anayajua mawazo yake machafu yote, labda kwa kuwa ni ya kwake mwenyewe. Ndiyo maana kwenye filamu zetu mke hulala chumbani kwake amejifunika kichwa, na akiamka kitambaa hakina hata mkunjo. Na wewe ukaenda kubishana na watu hao kuhusu uzazi! Ulitegemea nini?

Usiikatae filamu. Leta chai yao. Ila Behrang akiingia, avue koti la jeshi akupe, na baba akimkumbatia, wewe likumbatie koti, uzamishe uso kwenye kola. Koti si mwanamume. Wakiuliza, sema unalipeleka kufuliwa. Ukumbi mzima utaelewa, hadi yule wa kiti cha nyuma.

Hilo ni la skrini. La jikoni ndilo zito, na hapo nakukaripia. Mkaguzi ana ofisi yake. Wewe umempa na chumba nyumbani kwako. Mtoe leo. Mwite Behrang, tupa hicho kitambaa kitini, mkumbatie, na asisikike mtu akisema kata mpaka chai ipoe.